Stesheni iliyokufa: anza na tangi, makaratasi baadaye

Ukitoka Lubumbashi kwenda kutafuta habari za stesheni ndogo ya reli iliyoachwa porini, kwa nini ilijengwa pale na ilikufa lini, usianzie kwa mwenye makaratasi. Mimi nilipoteza wiki tatu hivyo, kila siku rudi kesho. Nenda penyewe, na kilo ya sukari ya chifu wa kijiji. Ukipiga picha reli kabla ya kumsalimu, utadhaniwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Kwanza tafuta msingi wa tangi la maji. Gari la moshi lilikuwa linakunywa njiani, ndiyo maana stesheni nyingine zilijengwa pasipo na watu wala bidhaa: palikuwa na mto, basi. Msingi ukiipita kwa ukubwa ofisi ya shefu wa gare, yaani mkuu wa stesheni, nusu ya jibu unayo. BCK, kampuni ya reli ya Katanga, ilipoanza kuweka umeme kwenye njia zake miaka ya 1950, kiu ile ilianza kuisha.

Halafu sugua kutu ubavuni mwa reli. Kiwanda huchapa hapo jina lake na mwaka. Usikimbilie kushangilia! Mimi nilisoma 1907 nikarukaruka, kumbe treni ya kwanza ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi yetu, mwaka 1910. Chuma hutangulia njia. Tena reli kuukuu ya njia kuu huhamishiwa pembeni, ikazeekea huko.

Herufi za rangi ukutani, majina ya kampuni ya reli kwa zamu, ni shahidi bora. BCK ni ya wakati wa Wabelgiji na miaka michache baadaye, KDL ni ya mwanzo wa miaka ya 1970, SNCZ ilizaliwa 1974, na Z ile ni Zaire. Zikipakwa moja juu ya nyingine, kwaruza kwa ukucha. Kisu kitakula zote.

Wazee usiwaulize mwaka. Babu yangu, mgeuza njia za treni, alijibu "zamani" mpaka anazikwa. Uliza biashara. "Mama, treni ikisimama mlikuwa mnauza nini dirishani?" Mmoja akaniambia uyoga na mihogo ya kuchemsha, baadaye makaa peke yake, kwa watu wa treni ya mizigo. Ya abiria iliacha kusimama lini? "Huyu wangu wa tatu nilikuwa namnyonyesha."

Huyo wa tatu alikuwa amekaa palepale, mzee wa mvi. Akatoa kadi yake ya mpiga kura, nikanakili tarehe ya kuzaliwa.