Kagua hivi kabla ya kununua Mercedes-Benz E-Class W211

Mercedes E-Class ya umbo la W211 ilitoka kuanzia 2002 hadi 2009. Siku hizi Dar es Salaam bei yake imeshuka kiasi kwamba hata mtu aliyetoka nyumbani akitafuta sedani ya Toyota anaanza kuitolea macho. Ni gari tulivu na imara, nami huwa nafurahi likiingia gereji. Lakini iliyoshuka ni bei ya gari, si ya spea. Hapo ndipo wateja wengi wanapoumia, na ukaguzi wote huu unalenga hapo.

Hatua ya 1: Jua ni W211 ipi

Usianze na rangi wala viti vya ngozi. Anza na namba ya chesisi. Inaanza na WDB211, na tarakimu tatu zinazofuata zinataja modeli: 061 ni E240, 065 ni E320, 056 ni E350, 070 ni E500.

Jambo la kwanza ni breki. Magari yaliyotoka kabla ya maboresho ya 2006 yana breki za SBC: unapokanyaga pedali, kompyuta ndiyo inayoiamuru pampu ya umeme isukume oili ya breki. Mwaka 2004 Mercedes iliita magari 680,000 ya E-Class na SL yarudi kukaguliwa kwa sababu ya mfumo huu. Pampu inahesabu kila unapokanyaga, na ikifika kikomo inadai kubadilishwa. Ikifa barabarani, pedali inazama na zinabaki breki za mbele tu. Ukifungua mlango ukasikia pampu ikinguruma kidogo, hiyo ni SBC. Tafadhali, fundi asiguse pedi zake kabla ya kuuzima mfumo kwa kompyuta, maana pistoni zinaweza kumponda vidole. Baada ya 2006 gari lilirudi kwenye breki za kawaida, na mimi hayo ndiyo ninayowashauri wateja.

Jambo la pili ni injini. V6 ya zamani, M112, iliyomo kwenye E240 na E320, ni ngumu kufa. E350 ina M272, na zile za mwanzo zina gia ya shafti ya balansi (shafti inayopunguza mtikisiko wa injini) inayolika meno. Soma namba iliyopigwa kwenye injini yenyewe: ikianza na 2729 na sehemu ya mwisho iko chini ya 30 468993, imo kwenye kundi hilo. Kuitengeneza ni mpaka injini ishushwe. Kama hakuna ushahidi kwamba kazi hiyo imeshafanyika, liache.

Hatua ya 2: Likute baridi

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, kisha gusa boneti uhakikishe. Kabla ya kuwasha, zunguka utazame kimo. Lenye Airmatic linategemea mifuko ya hewa, na kona iliyolala chini ina maana hewa inavuja. Ukiweza, liache lilale usiku mzima ulitazame asubuhi.

Sasa washa. Cheni ya ndani ya injini ikipiga kelele kwa sekunde kadhaa, hasa kwenye E200 Kompressor, imerefuka. Moshi wa bluu ni oili inayoungua.

Hatua ya 3: Fungua buti

Betri kubwa iko humo, pamoja na boksi la umeme linaloendesha vitu vingi vya nyuma. Inua zulia upapase. Unyevu au kutu ni dalili kuwa maji ya mvua yanaingia, na matatizo ya umeme yako njiani.

Hatua ya 4: Liendeshe mpaka lipate moto

Gia ikishtuka, au ikichelewa kuingia unapotoka P kwenda R, iandike. Ukirudi, mwombe fundi atazame oili ya gia. Ikiwa na rangi ya maziwa, radieta imepasuka kwa ndani na maji yameingia kwenye gia boksi. Usiendelee na gari hilo.

Hatua ya 5: Pima kwa kompyuta

Tumia mashine inayosoma mifumo yote, si injini peke yake. Soma kabla na baada ya kuendesha, maana kodi (namba za hitilafu) zilizofutwa asubuhi hurudi. Kwenye M272, 1200 na 1208 zinahusu ile gia ya shafti.

Hatua ya 6: Karatasi

Chesisi ilingane na kadi ya gari, na madeni ya trafiki yatazamwe. Kama lilitoka Japani, omba karatasi ya mnada: R ni gari lililogongwa likatengenezwa, XX ni kipande kilichobadilishwa. Linganisha kilomita zake na zilizo kwenye dashibodi.

Mwisho, chukua orodha ya ulichoandika, piga simu kwenye maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani uulize bei ya kila spea, jumlisha na ufundi, ndipo ukae na muuzaji mpatane.