Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua Kiwanja Nyuma ya Tuta la Mto

Kiwanja kilicho nyuma ya tuta la mto huvutia kwa sababu zinazoeleweka: ardhi ni tambarare, bei ni nafuu, na muuzaji anaweza kukuonyesha kwa kidole ukuta mrefu wa udongo uliosimama kati yako na maji. Kabla ya kuridhika, ulizia tuta hilo lilijengwa lini, na leo linatunzwa na nani kwa fedha za nani. Huko Budalang'i, katika kaunti ya Busia nchini Kenya, matuta ya mto Nzoia yana umri wa miongo kadhaa. Yalipasuka mwaka 2003, yakapasuka tena 2007, na hiyo haikuwa mara ya mwisho kwa wakazi wa eneo hilo kuyahama makazi yao. Nzoia huteremka kutoka milima ya Cherangani na Elgon ukiwa umebeba tope jingi. Tope hilo, ambalo zamani lilitawanyika mashambani, sasa hubanwa katikati ya matuta, likatua chini na kuinua sakafu ya mto mwaka hadi mwaka, hata tuta lililokuwa na kimo cha kutosha siku lilipokabidhiwa likawa fupi bila lenyewe kupungua hata shubiri moja.

Swali linalofuata ni tuta lilisanifiwa kuzuia mafuriko makubwa kiasi gani. Kipimo kinachotumika sana duniani ni mafuriko ambayo uwezekano wa kutokea kwake ni asilimia 1 kwa mwaka, nacho humfanya mnunuzi adhani jambo lenyewe liko mbali. Lakini katika nyumba utakayokaa miaka 30, uwezekano wa kupatwa nayo walau mara moja ni takriban asilimia 26. Tena kimo peke yake hakitoshi. Mwaka 2005, wakati wa kimbunga Katrina, baadhi ya kuta za mifereji ya jiji la New Orleans, Marekani, zilianguka kabla maji hayajafika juu yake, kwa kuwa udongo uliozishikilia ulishindwa.

Kwa sababu hiyo litembelee tuta mwenyewe, hasa mto ukiwa umejaa, na usiende na dalali. Angalia njia zilizochimbwa na kwato za ng'ombe wanaoshuka kunywa maji, mashimo ya wanyama, mizizi ya miti mikubwa, mahali palipokatwa kupitisha bomba la kumwagilia, na mashimo ya wachimba mchanga na wafyatua matofali karibu na kitako cha tuta. Zingatia zaidi upande wa makazi. Maji maangavu yanayotoka polepole chini ya tuta ni jambo la kufuatiliwa, ila yakitoka na tope au yakibubujika na kurundika mchanga, ujue udongo wa ndani unahama na tuta linaliwa kutoka chini. Hiyo ni dalili ya kutoa taarifa siku hiyohiyo, na kwa mnunuzi, mimi ningeiona kuwa sababu tosha ya kuacha.

Palipo karibu na mdomo wa mto unaoingia ziwani, kama Nzoia unavyoingia Ziwa Victoria, ziwa nalo lina neno lake. Mwezi Mei 2020 Ziwa Victoria lilifikia kimo ambacho hakikuwa kimewahi kurekodiwa, na ziwa likijaa hivyo, maji ya mto hupungukiwa na mahali pa kwenda, yakarudi nyuma na kukaa muda mrefu zaidi. Ulizia pia maji ya mvua inayonyesha upande wa makazi hutolewa kupitia wapi, kwani tuta linalozuia mto usiingie huzuia vilevile maji ya mtaa yasitoke, na milango ya kuyatolea mara nyingi hukutwa imeziba.

Kibali cha ujenzi nacho kisikutulize. Tuta likishajengwa, nyumba huongezeka nyuma yake, na siku likipasuka hasara huweza kuwa kubwa kuliko kama lisingejengwa kabisa; kwa maoni yangu, mamlaka zinazoidhinisha viwanja hivyo zina lawama kubwa kuliko wanunuzi. Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, lakini katika bonde tambarare maji hayaishii kwenye mita hizo. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 jijini Dar es Salaam, familia kadhaa za bonde la Msimbazi zilihamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Waulize wazee wa mtaa maji yalifika wapi, kisha wakuonyeshe alama ukutani.

Ukiamua kujenga hata hivyo, sakafu ipande juu ya alama hiyo, choo cha shimo kiwe mbali na kisima, na hati zihifadhiwe kwa ndugu anayeishi mlimani. Fuatilia taarifa za mvua za huko mto unakotoka, maana mafuriko huweza kuwafikia watu wa bondeni jua likiwaka. Njia ya kuondokea ielekee kwenye mwinuko wa asili, kwa kuwa barabara inayopita juu ya tuta hukatika mahali lilipopasuka, na aliyekimbilia huko hubaki amezingirwa na maji pande zote.