Somo: Ujue udongo wa shamba lako kabla hujachagua zao

Habari zenu wakulima. Kila msimu unapokaribia naulizwa swali lile lile: "Nimepata shamba, nipande nini?" Nami huuliza: umechimba shimo? Wengi wameutazama udongo kwa juu tu, wakaona mweusi, wakafurahi.

Hilo nililijua kwa hasara. Kuna kipande cha shamba nilikipenda kwa weusi wake. Ukikikanyaga kinabonyea vizuri. Nikapanda maharage. Yakaota yote, ila wiki ya nne majani yakaanza kuwa ya manjano, na mvua zilipokolea mizizi ikaoza. Ndipo nikashika koleo. Sentimita 25 tu kwenda chini nilikuta mfinyanzi wa kijivu wenye madoa ya rangi ya kutu, na maji yametuama juu yake. Shimo la dakika 30 lingeniokolea msimu mzima. Kwa hiyo tuanzie hapo hapo.

Hatua ya 1: Chimba shimo

Kina kisipungue sentimita 60. Ukifika mita 1 ni bora zaidi. Shamba likiwa na mteremko chimba matatu, yaani juu, katikati na chini, kwa sababu mvua hushusha chembe laini na rutuba kwenda bondeni, na mara nyingi huko udongo ni mwingine kabisa. Ukuta mmoja wa shimo uchonge kwa kisu usawazike, halafu tulia uutazame.

Tazama kwanza tabaka la juu lenye weusi lina unene gani, maana huko ndiko mboji iliko. Kisha fuata mizizi ya nyasi ikishuka. Ikifika mahali ikageuka ghafla na kutambaa pembeni, hapo pana tabaka gumu. Mara nyingi tumelitengeneza wenyewe kwa kulima kina kile kile mwaka baada ya mwaka, au kwa kupitisha trekta udongo ukiwa mbichi. Choma kisu juu ya mstari huo, kisha choma chini yake, mkono utakuambia tofauti.

Halafu rangi. Wekundu au umanjano hutokana na chuma kilichopata hewa, hivyo kwa kawaida maji hapo hupita vizuri. Kijivu chenye madoa ya kutu maana yake maji hukaa sehemu ya mwaka, hata kama siku unayochimba ni pakavu. Weusi nao usikudanganye. Mfinyanzi mweusi wa mbugani unaweza kuwa na mboji kidogo tu.

Hatua ya 2: Upime kwa mkono

Hiki ndicho kipimo ninachokipenda, maana hakihitaji kifaa. Chukua udongo wa kujaza kiganja, ondoa mawe na mizizi, nyunyizia maji kidogo kidogo huku ukikanda kama unga, mpaka ulainike bila kuchuruzika. Fanya donge.

Donge likigoma kushikana, huo ni mchanga. Likishikana, lisukume kati ya kidole gumba na cha shahada litoke kama utepe, uuache uning'inie mpaka ukatike kwa uzito wake. Utepe usipotoka kabisa, udongo wako ni kichanga chenye tifutifu kidogo (tifutifu ni mchanganyiko wa mchanga, tope laini na mfinyanzi). Ukikatika kabla ya sentimita 2.5, uko kwenye kundi la tifutifu. Kati ya sentimita 2.5 na 5 ni tifutifu yenye mfinyanzi. Ukipita sentimita 5, huo ni mfinyanzi.

Kisha lowesha kipande kidogo sana kiganjani usugue kwa kidole. Mchanga hukwaruza. Chembe za kati, zile za tope laini, huteleza kama poda. Mfinyanzi hunata na kung'ang'ania ngozi. Tofauti hiyo ni ya ukubwa: chembe za mchanga huanzia milimita 2 kushuka hadi 0.05, za mfinyanzi ni chini ya milimita 0.002. Kadiri chembe zinavyokuwa ndogo ndivyo udongo unavyoshika maji na virutubisho vingi, na ndivyo hewa inavyopata shida kupita. Mengi nitakayosema baadaye yanatokana na hilo.

Hatua ya 3: Hakikisha kwa chupa

Jaza udongo theluthi moja ya chupa inayoonyesha ndani, ongeza maji karibu ijae na sabuni ya unga kiasi kidogo. Tikisa kwa nguvu dakika kadhaa, iweke mahali isipoguswa. Mchanga hutua ndani ya dakika moja hivi, tope laini ndani ya saa kadhaa, mfinyanzi baada ya siku moja au mbili. Pima unene wa kila tabaka kwa rula, utapata uwiano wake.

Hatua ya 4: Pima maji yanavyopita

Chimba kishimo cha sentimita 30, kijaze maji, yaache yaishe. Kijaze tena, chomeka rula, uhesabu yanashuka kiasi gani kwa saa. Sentimita 2.5 hadi 7.5 kwa saa ni nzuri kwa mazao mengi. Chini ya hapo mizizi itakosa hewa wakati wa mvua kubwa. Juu ya hapo andaa matandazo na umwagiliaji wa mara kwa mara.

Hatua ya 5: Peleka sampuli maabara

Mkono hauwezi kukuambia uchachu wala kiasi cha fosforasi. Tembea shambani kwa zigizaga, chukua udongo sehemu 15 hadi 20 kwa kina cha sentimita 0 hadi 20, changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, anika kivulini, kisha toa nusu kilo. Kwepa penye kichuguu, zizi la zamani, chini ya miti na palipochomwa takataka, maana hapo patakupa majibu ya uongo. Pakiwa na rangi au mteremko tofauti, fanya sampuli yake peke yake.

Jibu la kuangalia kwanza ni pH, yaani kipimo cha uchachu: namba ikishuka, uchachu unapanda. Mazao mengi hustawi kati ya 6 na 7. Ikishuka chini ya 5.5, alumini huanza kuyeyuka na kuunguza ncha za mizizi, na fosforasi hufungwa, kwa hiyo mbolea unayoweka nyingi hailifikii zao. Kumbuka pia kwamba pH 5 ina uchachu mara 10 ya pH 6.

Sasa chagua zao

Kichanga kinafaa karanga, muhogo, viazi vitamu na tikiti maji. Karanga huchomeka vikonyo ardhini ili zikaze huko, na kwenye mfinyanzi mkavu utazing'oa nusu zikibaki chini. Mfinyanzi unaotuamisha maji ni nyumbani kwa mpunga. Tifutifu hupokea karibu kila kitu, mahindi na mboga zikiwemo. Chai hutaka uchachu, pH 4.5 hadi 5.5, kwa hiyo shamba linaloua maharage kwa uchachu linaweza kuibeba chai bila shida, mvua zikitosha.

Uwiano wa mchanga na mfinyanzi hutaubadilisha. Unachoweza kubadilisha ni mboji, uchachu, njia ya maji na lile tabaka gumu. Pesa yako ielekeze huko.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Shamba langu ni mfinyanzi mweusi, kiangazi unapasuka mpaka mkono unaingia. Nikimwaga mchanga utalainika?

Jibu: Marahaba. Usimwage mchanga. Ungehitaji mwingi mno, na ukiwa kidogo chembe za mfinyanzi hujaza nafasi kati ya punje, ukikauka unapata kitu kama tofali. Weka samadi iliyooza na mabaki ya mazao kila msimu, inua matuta mapana ili maji yapate pa kwenda, na uchunge siku ya kulima. Finyanga donge: likinata, subiri; likimeguka, lima. Udongo huo ukiulima mbichi unaunda mabonge yatakayokusumbua msimu mzima.

Swali: Mkuu, mimi ni kichanga kitupu. Mbolea naweka kama inavyoshauriwa lakini mahindi bado ni ya manjano.

Jibu: Ndugu, mbolea unaweka, mvua inaishusha chini ya mizizi. Kiasi kile kile kigawe mara 2 au 3 badala ya kumwaga yote kwa mkupuo. Samadi kwako ni ya lazima, kwa sababu ndiyo itakayoshika kile ambacho mchanga hauwezi kushika. Funika udongo kwa matandazo, na pishanisha mahindi na mazao ya jamii ya kunde.

Swali: Nimesikia siki inapima uchachu wa udongo. Kweli?

Jibu: Nusu kweli. Ukimwagia siki udongo mkavu ukatoa povu, una chokaa ya asili. Usipotoa povu haina maana kuwa una uchachu. Usinunue chokaa ya kupunguza uchachu kwa kipimo hicho, subiri maabara. Na ukiambiwa uweke, iweke miezi 2 au 3 kabla ya kupanda, uichanganye na udongo, na usiiweke pamoja na urea au samadi mbichi, nitrojeni itapotea hewani.

Swali: Mwalimu, baada ya miaka ya kumwagilia naona ganda jeupe juu ya udongo, na miche inakauka ingawa pamelowa.

Jibu: Pole sana dada. Hiyo ni dalili ya chumvi: maji yanapanda, yanakauka, yanaiacha juu. Tupia donge kavu kwenye glasi ya maji safi, usilitikise. Likiyeyuka na maji yakabaki kama ya maziwa siku nzima, huenda kuna sodiamu nyingi, na hapo hutumika jasi (madini yenye kalsiamu inayoiondoa sodiamu) kabla ya kuosha. Maji yakibaki maangavu, shida huenda ni chumvi ya kawaida: chimba mfereji wa kutoa maji kwanza, kisha mwagilia kwa wingi maji yasiyo na chumvi ili yaishushe. Ukianza kumwagilia bila mfereji, chumvi itarudi juu. Na yale maji unayomwagilia yapimwe pia, maana yanaweza kuwa ndiyo yanayoileta.