Kumtafuta babu wa Kiingereza kwa kufuata kazi yake

Shoga yangu mmoja, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa na mtu wa Cardiff, alinijia na mwanawe aliyepewa kazi ya shule: achore ukoo wa baba yake. Majina walikuwa nayo. Walichokosa ni habari za watu wenyewe, waliishi vipi na walikula kwa jasho gani. Nimetafuta koo za Uingereza kwa miaka mingi, nikianza na za wakwe zangu, na njia ninayoiamini kuliko zote ni kuifuata kazi. Mtu wa kawaida wa karne ya 19 hakuacha wasia wala picha. Lakini karani alipomwandika, kwenye ndoa, kwenye sensa au mtoto alipozaliwa, alimwuliza anafanya kazi gani.

Hatua ya 1: Kusanya kila neno la kazi

Anza na vyeti. England na Wales zina usajili wa serikali tangu Julai 1837, Scotland tangu 1855. Cheti cha ndoa ndicho bora, maana kinataja kazi ya bwana harusi na pia kazi za baba zao wote wawili. Kisha sensa, kila miaka kumi kuanzia 1841 hadi 1921. Ile ya 1931 ya England na Wales iliteketea kwa moto mwaka 1942, na ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita, kwa hiyo pengo hilo lizibe kwa daftari la wakazi la Septemba 1939. Sensa ya 1921 naipenda kuliko zote kwa kuwa inamtaja hata mwajiri.

FamilySearch na FreeBMD ni bure. Tovuti za kulipia kama Ancestry, nenda kazifungue kwenye kompyuta za maktaba ya umma. Maktaba nyingi za Uingereza zimeshazilipia. Miti ya ukoo iliyochorwa na wengine mtandaoni mimi siigusi. Nimeona kosa moja likinakiliwa na watu kumi mpaka likaonekana kweli.

Chora jedwali: mwaka, aina ya waraka, neno la kazi, mahali. Neno liandike herufi kwa herufi kama lilivyo, na usilitafsiri bado.

Hatua ya 2: Jua neno lilimaanisha nini mahali pale, wakati ule

Hapa ndipo tulipopoteza jioni tatu, kwa hiyo nitakaa hapa.

Babu wa babu yake mumewe alioa Cardiff mwaka 1888. Kwenye cheti, kazi yake ni neno moja: “fireman”. Shoga yangu akafurahi: “Kumbe babu alikuwa zimamoto!” Nami nikakubali. Tukapekua habari za vikosi vya zimamoto usiku baada ya usiku, tusipate hata chembe ya jina lake.

Kosa letu ni kulisoma neno kwa maana ya leo. Katika Uingereza ya makaa ya mawe na mvuke, “fireman” mara nyingi ni mtu wa kuuchochea moto, si wa kuuzima. Kwenye reli, ndiye aliyekuwa pamoja na dereva akitia makaa kwenye tanuri la garimoshi. Melini, alichochea matanuri ya boila huko chini kabisa. Mgodini, neno hilohilo ni la mtu mwingine tena: yule aliyekagua njia za chini kwa chini kabla ya zamu kuingia, akipima gesi inayolipuka. Na Cardiff ina mtego kuliko miji mingi, kwa sababu watatu hao wote wapo: bandari ya makaa, reli ya Taff Vale iliyoyateremsha makaa hayo, na migodi ya mabondeni ilikotoka.

Tuliamuaje? Kwanza, makazi. Familia ilikaa karibu na gati, lakini watu wa reli nao walikaa huko, kwa hiyo hiyo haikutosha. Pili, usiku wa sensa. Mwaka 1891 mke na watoto wapo nyumbani, mke ameandikwa “wife”, na kwenye mstari ulio juu ya jina lake hakuna mkuu wa kaya. Hiyo ni dalili ya mume aliye safarini, ingawa mtu wa reli pia angeweza kulala mbali na kwake. Tatu, na hili ndilo lililomaliza ubishi: tuliagiza vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote, si cha yule mmoja tu anayetokana naye mume wa shoga yangu. Cha mtoto wa tatu kinasema “marine fireman”. Neno moja la ziada, aliloandika msajili aliyekuwa makini kuliko wenzake. Tangu siku hiyo simshauri mtu kuagiza cheti cha mtoto mmoja.

Mitego mingine ya aina hii: “engineer” huenda ni fundi mitambo tu. “Engine driver” huenda aliendesha mtambo uliosimama juu ya shimo la mgodi, hajawahi kugusa treni. “Clerk in holy orders” ni kasisi. “Ag Lab” ya 1841 ni kibarua wa shamba. Tena, makarani waliohesabu majibu ya sensa walipitisha mistari ya kalamu juu ya safu ya kazi. Kinachoonekana kama herufi huenda ni alama yao, kwa hiyo tazama picha ya ukurasa wenyewe, usiamini maandishi yaliyonakiliwa.

Hatua ya 3: Tafuta kumbukumbu za mwajiri

Reli: kumbukumbu za kampuni za kabla ya kutaifishwa mwaka 1948 ziko Nyaraka za Taifa, Kew, London, kundi la RAIL, na nyingi zimo Ancestry. Za Scotland ziko Edinburgh. Posta: Postal Museum, London. Madaktari: daftari lao lilianza kuchapishwa 1859. Wauguzi: daftari la kitaifa lilitokana na sheria ya 1919. Wanafunzi wa ufundi: daftari za ushuru, kundi la IR 1 huko Kew, kuanzia 1710 hadi 1811. Vyama vya wafanyakazi: Modern Records Centre, Chuo Kikuu cha Warwick. Wachimbaji makaa ni wagumu, nyaraka zao zimetapakaa. Anza na hifadhi ya wilaya yao.

Hatua ya 4: Kama ni baharia

Kati ya 1857 na 1913 hakukuwa na daftari kuu la mabaharia wa meli za biashara. Kutafuta kwa jina peke yake ni kupapasa gizani. Unahitaji jina la meli, kisha orodha ya mabaharia wake. Na orodha hizo hazikupangwa kwa jina la meli, bali kwa nambari rasmi. Meli nyingi ziliitwa jina moja, lakini nambari ni moja kwa kila chombo na haibadiliki hata jina likibadilika. Nambari utaipata bure kwenye tovuti ya CLIP, mradi wa kuorodhesha nyaraka za mabaharia.

Orodha zenyewe zimegawanywa. Za 1861, 1862 na miaka inayoishia na 5 ziko Makumbusho ya Bahari, Greenwich. Asilimia 10 ya orodha za miaka mingine iko Kew. Kiasi kikubwa cha zilizobaki kiko Newfoundland, Kanada, katika Chuo Kikuu cha Memorial. Hifadhi za mikoa nazo zilichukua za kwao: Glamorgan Archives, hifadhi ya nyaraka ya Cardiff, ina za meli zilizosajiliwa Cardiff, 1863 hadi 1913.

Ushauri wangu: anza na 1915. Orodha za mwaka huo zimenakiliwa zote na ziko mtandaoni bure, unatafuta kwa jina. Linganisha umri, mahali pa kuzaliwa na anwani, na usishtuke umri ukipishana miaka miwili mitatu. Jambo la thamani zaidi ni safu ya meli iliyotangulia: kila baharia alitaja alikotoka. Ukishika hapo unarudi nyuma meli kwa meli, kama anayevuta kamba.

Kama unayemtafuta ni Msomali au Myemeni wa Butetown, mtaa wa bandarini Cardiff, ambao wengi walikuwa wachochea makaa hawahawa, jaribu kila tahajia unayoweza kuifikiria. Majina yao yaliandikwa kwa kusikia, na karani hakujua lugha.

Kwa aliyekuwa bado baharini baada ya vita, tafuta kadi zilizoanza 1918. Za miaka ya mwanzo zina picha ya mtu mwenyewe.

Sisi wa kwetu tulimkuta 1915: miaka 51, “fireman and trimmer”, yaani mchochea moto na msogeza makaa, na mtaa wake ni uleule wa cheti cha mtoto wa tatu. Mtoto alikaa kimya akisoma mshahara wake wa mwezi. Meli iliyotangulia imetajwa, aliiacha 1914, na tumeshaandika Newfoundland kuiomba orodha yake.