Kupima athari inayopitia kigeu cha kati: modeli ya ngazi nyingi kwa brms

Tuseme watu wamejaza dodoso kila siku: msongo wa mchana, saa za usingizi wa usiku ule, na hisia za asubuhi yake. Swali ni kiasi gani cha athari ya msongo kwenye hisia kinapitia usingizi. Tutalijibu kwa brms, kifurushi cha lugha ya R cha kujenga modeli za Kibayesi.

Kabla ya yote, gawa msongo na usingizi mara mbili: wastani wa mtu (`_w`), na thamani ya siku ukitoa wastani huo (`_n`). Ukiruka hatua hii, tofauti za siku na siku zinachanganyika na tofauti za mtu na mtu, na mteremko utakaoupata (kiasi kigeu kimoja kinavyobadilika kingine kikiongezeka kwa kimoja) haujibu swali lolote kati ya hayo mawili.

```
f1 <- bf(usingizi ~ msongo_n + msongo_w +
  (1 + msongo_n |p| mtu))
f2 <- bf(hisia ~ msongo_n + msongo_w +
  usingizi_n + usingizi_w +
  (1 + msongo_n + usingizi_n |p| mtu))
m <- brm(f1 + f2 + set_rescor(FALSE),
  data = d, chains = 4, iter = 2000)
```

Herufi `p` ndiyo roho ya modeli hii. Inaunganisha miteremko ya kila mtu katika milinganyo yote miwili. Bila hiyo, brms inachukulia kuwa haihusiani. `set_rescor(FALSE)`, inayozima uhusiano kati ya mabaki ya milinganyo hiyo, nayo ni lazima, kwani usingizi tayari uko ndani ya mlinganyo wa hisia.

Kwa data iliyosanifishwa, migawanyo ya awali (tunachodhani kuhusu vigezo kabla ya kuona data) `normal(0, 1)` kwa miteremko (`b`), `exponential(1)` kwa `sd` (mtawanyiko kati ya watu) na `lkj(2)` kwa `cor` (uhusiano kati ya miteremko ya watu) inatosha. Taja `resp` (jina la kigeu kinachoelezwa) kwa `b` na `sd` za kila mlinganyo.

Rhat (kipimo cha kama minyororo ya sampuli imekubaliana) ikizidi 1.01, usisome matokeo. Onyo la divajensi (dalili kwamba uchukuaji wa sampuli umepotoka mahali) likitokea, pandisha `adapt_delta` kutoka 0.8 hadi 0.95, kisha 0.99. Mara nyingi chanzo ni watu wachache au `sd` iliyo karibu na sifuri, kwa hiyo likibaki, bana mgawanyo wa awali wa `sd`.

Sasa hesabu yenyewe, na hapa ndipo wengi wanapoteleza: wanazidisha *a* (mteremko wa msongo kwenda usingizi) na *b* (wa usingizi kwenda hisia) na kuishia hapo. Miteremko ikitofautiana kati ya watu, wastani wa athari ni *ab* + *r·sₐ·s_b*, ambapo *sₐ* na *s_b* ni `sd` za miteremko hiyo miwili na *r* ni uhusiano kati yake. Chukua *a* = −0.5, *b* = 0.4: zao ni −0.20. Lakini `sd` zikiwa 0.3 na 0.4, na *r* ikiwa 0.6, unaongeza 0.072 na kubaki na −0.128. Zaidi ya theluthi imeondoka.

Fanya hesabu hiyo kwa kila sampuli ya `as_draws_df(m)`, si kwa wastani wa vigezo, ndipo uchukue asilimia ya 2.5 na ya 97.5. *r* inaitwa `cor_mtu__usingizi_msongo_n__hisia_usingizi_n`.