Changdeokgung kwa macho ya seremala

Ukifika Seoul na una nafasi ya kuona kasri moja tu, nenda Changdeokgung. Wengi watakuelekeza Gyeongbokgung kwa ukubwa wake. Mimi ni seremala, nami napenda hapa kwa sababu naweza kusogea karibu nikaona mbao zilivyoungwa.

Anza na tiketi ya bustani ya nyuma, Huwon, kabla ya jambo jingine lolote. Huko huingii ovyo: watu huingia kwa zamu na idadi yao ina kikomo, na majani yanapobadilika rangi nafasi huisha upesi mno. Nafasi za mtandaoni hufunguliwa siku sita kabla, saa nne asubuhi kwa saa za Seoul. Kiingilio cha kasri ni won 3,000, bustani ni won 5,000 juu yake, na aliyevaa hanbok, vazi la jadi la Kikorea, halipi kiingilio cha kasri. Usiende Jumatatu, hufungwa. Treni ya laini ya 3 itakushusha kituo cha Anguk. Tokea mlango wa 3 utembee kidogo.

Fika saa tatu asubuhi, milango inapofunguliwa. Ukishapita lango la Donhwamun utavuka Geumcheongyo, daraja la mawe la mwaka 1411. Likague vizuri, maana mengi utakayoyaona baada yake yamewahi kuungua. Kasri lilianza kujengwa 1405, likateketea 1592 Wajapani walipovamia, likajengwa tena, na wafalme wa Joseon, ufalme wa zamani wa Korea, wakalifanya makao yao makuu kwa zaidi ya miaka 200. Moto ulirudi 1917 ukala vyumba vya ndani. Huijeongdang, mojawapo ya majengo hayo, unayoiona leo ilijengwa kwa mbao zilizobomolewa kutoka Gyeongbokgung, na mbele yake kuna baraza iliyochomoza ili gari la mfalme lifike mlangoni.

Kwenye Injeongjeon, ukumbi wa kiti cha enzi, watu hupiga picha wakaondoka. Wewe simama chini ya ukingo wa paa uinue kichwa. Vile vipande vilivyopandana juu ya nguzo, vyenye rangi ya kijani na nyekundu, ndivyo vinavyobeba uzito wa paa na kuuteremsha kwenye nguzo. Vimeshikana kwa ndimi na matundu yaliyochongwa kwa patasi. Kisha chungulia ndani uone taa za umeme za mwanzoni mwa karne ya 20. Jirani yake, Seonjeongjeon, tazama vigae: ndilo jengo pekee la makasri ya Seoul lililobaki na paa la vigae vya buluu.

Usiache nyumba ya Nakseonjae, hata kama miguu imechoka. Mfalme Heonjong aliijenga 1847, na watu wa ukoo wa kifalme waliishi humo mpaka 1989. Haikupakwa rangi; mbao ziko wazi, na vijiti vya mbao vilivyopishana madirishani vina mitindo tofauti tofauti. Inama chini ya kile chumba kilichoinuliwa juu ya nguzo. Utaona tundu la jiko la kupasha sakafu joto, na mbele yake ukuta mdogo wenye michoro kama barafu iliyopasuka. Waliweka barafu mbele ya moto ili kuilinda nyumba ya mbao isiungue! Mimi huwachuchumaza wageni wangu wote pale.

Bustanini kuna vilima, kwa hiyo vaa viatu vya kutembelea. Kwenye bwawa la Buyongji, lenye pembe nne na kisiwa cha duara katikati, angalia banda lililosimamisha miguu miwili ya mawe majini. Ng'ambo, juu ya ngazi, ni jengo la Juhamnu la 1776, ambako Mfalme Jeongjo aliweka maktaba yake.

Ukiwa bado na nguvu, lango la Hamyangmun litakupeleka moja kwa moja kasri jirani la Changgyeonggung, won 1,000 tu.