Kumtafuta babu Mwingereza ukianzia Mwanza

Anza na wazee. Babu wa mume wangu alikuwa Mwingereza, mmoja wa waliofuata baada ya Wajerumani kuondolewa Mwanza mwaka 1916, na yote niliyoyapata yalianzia kwa shangazi yake wa Kirumba. Usimbane mzee kwa tarehe. Muulize: alipokuja, treni ilikuwa imeshafika? Reli ilifika Mwanza mwaka 1928. Kabla ya hapo, njia ya kawaida ilikuwa kushuka Mombasa, treni hadi Kisumu, kisha meli ya ziwani. Kwa hiyo jina lake litafute kwenye karatasi za Kenya pia. Watu wengi huishia Dar es Salaam tu.

Orodha za abiria walioondoka Uingereza kwa meli, 1890 hadi 1960, zimehifadhiwa kwenye Hifadhi ya Taifa ya nyaraka za Uingereza, Kew, London, na husomeka mtandaoni kwa malipo. Ukipata umri wake, rudi nyuma: vizazi vya Uingereza vimeandikishwa serikalini tangu Julai 1837, na kabla ya hapo kuna daftari za ubatizo za parokia, zilizoamriwa mwaka 1538.

Ila usimwache bibi. Karatasi za Kizungu mara nyingi humpita kimya mama wa Kisukuma aliyemzalia watoto, na hilo linaniuma. Kama walibatizwa Wakatoliki, ulizia parokia za zamani. Kwa mfano, misheni ya Bukumbi, karibu na Mwanza, ilianzishwa mwaka 1883. Nenda na jina la ubatizo, kijiji, na jina la msimamizi wa ubatizo ukilijua. Ukoo wa bibi uandike kwanza.